Presha ya Macho: Jicho Halitakwambia

Ukiumwa jino, utajua usiku huohuo. Malaria ikikushika, mwili utatetemeka mpaka wa nyumba ya pili ajue. Tumezoea maradhi yanayojitangaza, na ndiyo maana tunaipima afya kwa swali moja tu: najisikiaje? Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, haipimiki kwa swali hilo. Aina yake iliyoenea zaidi katika nchi zetu haiumi, haiwashi, haitoi matongo, na kwa miaka mingi haikuzuii kusoma ujumbe kwenye simu wala kumtambua mtu aliye ng'ambo ya barabara. Wakati huo wote inaua polepole mshipa wa fahamu unaochukua picha jichoni na kuipeleka kwenye ubongo, na sehemu ya mshipa huo ikishakufa haioti tena. Hiki ndicho chanzo kikuu cha upofu usiorekebishika duniani. Mwaka 2014 watafiti walikadiria kwamba wagonjwa wenye umri wa miaka 40 hadi 80 wangefika milioni 76 ifikapo 2020, na milioni 112 hivi ifikapo 2040. Mwongozo huu una hoja moja, na mengine yote yanatokana nayo: katika ugonjwa huu jicho lako ni shahidi asiyeaminika. Usilisubiri likwambie wakati wa kwenda kupimwa, usiliulize kama tiba inafanya kazi, na usikubali likushauri kuacha dawa.

Jina linavyopotosha

Tuanze na jina, kwa kuwa limewapoteza wengi. Mtu akisikia "presha ya macho" huwaza presha ya damu, ile inayopimwa kwa mkanda wa mkononi, na akiwa tayari anameza vidonge vya presha hudhani na macho yake yamekingwa. Hivi ni vitu viwili mbalimbali. Sehemu ya mbele ya jicho ina maji angavu yanayotengenezwa saa zote, usiku na mchana. Si machozi, maana hayatoki nje. Maji hayo hupita kwenye mboni, hulisha sehemu za jicho zisizo na mishipa ya damu, kisha hutoka kupitia chujio lililo kwenye pembe, pale kioo cha mbele cha jicho kinapokutana na ile duara yenye rangi. Chujio likianza kuziba, maji yanaendelea kutengenezwa huku yakitoka kwa shida, na shinikizo ndani ya jicho linapanda. Kinachoumia zaidi ni mahali dhaifu nyuma ya jicho, ambapo nyuzi takriban milioni moja za mshipa wa fahamu hukusanyika na kutoka kuelekea kwenye ubongo. Mtu anaweza kuwa na presha ya damu ya kawaida kabisa huku mshipa wa jicho lake unabanwa, na mwingine akawa na presha ya damu ya juu na macho yasiyo na kasoro. Vidonge vya ugonjwa mmoja si tiba ya mwingine.

Jina hilo hupotosha kwa njia ya pili pia, na hii huwateka hata waliosoma. Linakufanya uamini kwamba ugonjwa ni namba: shinikizo likiwa juu unaumwa, likiwa chini umepona. Kiwango kinachohesabiwa kuwa cha kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Lakini uchunguzi mkubwa uliofanywa mjini Baltimore, Marekani, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 1991, ulionyesha kwamba karibu nusu ya waliokutwa na glakoma walikuwa chini ya kiwango hicho cha juu walipopimwa mara ya kwanza. Upande wa pili, utafiti mwingine wa Marekani uliofuatilia watu 1,636 wenye shinikizo la juu lakini mshipa usio na dosari ulionyesha mwaka 2002 kwamba hata bila dawa ni chini ya mmoja kati ya kumi aliyepata glakoma katika miaka mitano. Kwa waliopewa dawa, walikuwa chini ya watano kati ya mia. Kwa hiyo shinikizo ni hatari kubwa, tena ndiyo hatari pekee tunayoweza kuipunguza kwa dawa, lakini ugonjwa wenyewe uko kwenye mshipa. Ukipulizwa hewa jichoni au kuguswa na kipimo, ukaambiwa "presha yako iko sawa", bila mtu kuangalia nyuma ya jicho, jua umefanyiwa nusu ya kazi.

Kwa nini huoni kwamba huoni

Inaingiaje akilini kwamba mtu apoteze kiasi kikubwa cha uwezo wa kuona asitambue? Jibu liko katika namna tunavyoona. Glakoma huanzia pembeni au kwenye madoa madogo yanayozunguka katikati, na mara nyingi huiacha katikati yenyewe hadi mwisho. Katikati ndiko tunakosomea, tunakotunga uzi kwenye sindano na kutambulia nyuso. Isitoshe macho ni mawili, na kinachokosekana kwa jicho moja hujazwa na jicho jingine. Hata pale macho yote mawili yanapokosa sehemu ileile, ubongo hauchori doa jeusi. Hujaza pengo kwa kukisia kutokana na kilicho jirani, kama fundi anayeziba tundu la shati kwa kitambaa cha rangi ileile. Waliochunguza macho yaliyotolewa na marehemu walikuta kwamba kati ya robo na theluthi ya chembe za mshipa huwa zimekwisha kufa kabla kipimo cha upeo wa kuona hakijaanza kuonyesha kasoro ya wazi. Basi ukianza kujigonga kwenye fremu za milango, kukosa ngazi ya mwisho au kushtushwa na bodaboda iliyotokea ubavuni, hizo si dalili za mwanzo. Ni habari za hasara ya miaka mingi.

Hapo ndipo glakoma inapotengana na mtoto wa jicho, na kuchanganya magonjwa haya mawili kumegharimu macho mengi. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi. Huipunguza nuru mbele ya macho yako, unalalamika, na upasuaji wa muda mfupi hukurudishia uwezo wa kuona kwa sababu mshipa uliokuwa nyuma ya ukungu haukuguswa. Anayengoja mtoto wa jicho "aive" hupoteza muda, lakini kwa kawaida hapotezi jicho. Anayengoja vivyo hivyo kwa glakoma hupoteza kisichorudi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mshipa wa jicho, ukuta ukianguka hakuna fundi wa kuujenga tena. Na kwa kuwa mzee mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa pamoja, usitosheke na maneno ya watu wa nyumbani kwamba "ni mtoto wa jicho tu".

Nani anapaswa kwenda, na lini

Hatari hii iko kwetu, na ushahidi ni wa hapahapa. Wilayani Kongwa, katikati ya Tanzania, watafiti waliwapima watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, na mwaka 2000 wakatangaza kwamba zaidi kidogo ya wanne kati ya kila mia walikuwa na glakoma. Takriban robo tatu yao walikuwa na ile aina ya kimya, ambamo pembe ya jicho iko wazi lakini chujio halipitishi maji vizuri. Nigeria ilipofanya uchunguzi wa kitaifa, ilikuta watano kati ya mia wa umri huohuo. Mmoja kati ya watano wa hao alikuwa amekwisha kuwa kipofu, na ni takriban sita tu kati ya kila mia waliokuwa wakijua kwamba wana ugonjwa huu. Watu wenye asili ya Afrika huupata mara nyingi zaidi, huupata mapema zaidi, na kwao huharibu kwa kasi zaidi kuliko kwa watu wa asili ya Ulaya. Undugu nao una uzito. Huko Rotterdam, Uholanzi, ilikadiriwa kwamba ndugu na watoto wa wagonjwa wana uwezekano wa asilimia 22 wa kuupata katika maisha yao, ilhali kwa ndugu na watoto wa wasio wagonjwa ni asilimia 2 na kidogo.

Kwa hiyo jipange hivi. Ukifika miaka 40, nenda ukapimwe macho kikamilifu hata kama unaona vizuri, na urudi kila baada ya miaka miwili hivi au kama daktari atakavyosema. Ikiwa mzazi, kaka au dada yako ana glakoma, au kuna aliyepofuka uzeeni na hakuna aliyejua sababu, usingoje 40. Nenda mapema, na urudi mara nyingi zaidi. Fanya hivyo pia kama unavaa miwani mizito ya kuonea mbali, au kama jicho lako liliwahi kupigwa na mpira, fimbo au ngumi, hata kama ni zamani. Kuna kundi jingine linalosahaulika: wanaotumia steroidi. Dawa za matone zenye deksamethasoni au betamethasoni hununuliwa kirahisi dukani kwa ajili ya macho yanayowasha, na watoto wenye mzio wa macho hutiwa kwa miezi kwa sababu muwasho hutulia upesi. Kwa baadhi ya watu matone hayo hupandisha shinikizo kimyakimya, na mtoto anaweza kumaliza shule ya msingi akiwa na glakoma iliyotengenezwa na chupa ya dawa. Krimu kali zenye steroidi, zikiwamo zile zinazopakwa usoni kwa ajili ya kujichubua, nazo zinaweza kuleta madhara hayo. Steroidi ni dawa nzuri mikononi mwa anayepima shinikizo mara kwa mara. Usizitumie kwa mazoea.

Kuna pingamizi la maana hapa, na halistahili kufunikwa. Mwaka 2022 jopo la wataalamu linaloshauri kuhusu uchunguzi wa kinga nchini Marekani lilisema ushahidi haujatosha kupendekeza wala kukataa kuwapima watu wazima wote wasio na dalili. Mtu anaweza kuuliza: kama wenye vifaa vyote hawana uhakika, kwa nini mimi nipoteze nauli na siku ya kazi? Jibu la kwanza ni kwamba kutotosha kwa ushahidi si ushahidi kwamba kupima hakufai. La pili ni kwamba swali lililoulizwa lilihusu kumpima kila mtu, yaani mpango wa nchi nzima pamoja na gharama zake na hofu inayowapata walioambiwa wanaumwa kumbe hawaumwi. Swali lako ni jingine: wewe, mwenye umri huu, asili hii na ukoo huu, una uwezekano gani? Ugonjwa ukiwa mwingi katika kundi fulani, kipimo kinachosema "unao" kina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Na la tatu, hapa kwetu wengi hawapiti mbele ya mtaalamu wa macho kwa sababu nyingine yoyote, kama wanavyopita wenzetu wanaokwenda kupimiwa miwani kila mwaka. Usipokwenda kwa makusudi, hutakwenda kabisa.

Ukifika kliniki, dai nini

Kusoma herufi ukutani ni kipimo cha katikati ya jicho, na katikati ndiyo inayodumu hadi mwisho. Duka la miwani linaweza kukupa miwani sahihi kabisa na bado likakuacha na glakoma. Uchunguzi kamili una hatua kadhaa. Kwanza, shinikizo lipimwe, ikiwezekana zaidi ya mara moja, kwa kuwa hupanda na kushuka katika siku. Pili, na hili ndilo kubwa, daktari aangalie kichwa cha mshipa nyuma ya jicho, mara nyingi baada ya kutia dawa ya kupanua mboni. Kichwa hicho kina shimo dogo kama kikombe, na nyuzi zinapokufa kikombe hupanuka. Muulize kikombe chako kina ukubwa gani na macho yako mawili yanalingana au la. Tatu, pembe ya jicho ichunguzwe kwa lenzi maalumu yenye vioo, ili ijulikane kama iko wazi au imefunga, kwa sababu matibabu yanatofautiana. Nne, upime upeo wa kuona kwa ile mashine ambayo unabonyeza kitufe kila uonapo nukta ya mwanga. Kipimo hiki kinachosha, na mara ya kwanza watu wengi hukosea, kwa hiyo usivunjike moyo ukiambiwa urudie. Hospitali kubwa hupima pia unene wa kioo cha mbele, kwa sababu kioo chembamba hufanya shinikizo lisomeke chini kuliko lilivyo, na hupiga picha ya tabaka za nyuzi. Dawa ya kupanua mboni hukuachia ukungu kwa saa kadhaa: nenda na mtu, na usiendeshe chombo siku hiyo.

Tiba inalinda kilichobaki

Ukiambiwa una glakoma, jambo la kwanza la kulielewa ni lengo la tiba, kwa maana hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Hakuna dawa, leza wala upasuaji unaorudisha kilichokwisha kupotea. Kinachowezekana ni kushusha shinikizo ili kilichobaki kidumu. Mgonjwa anayetia matone miezi sita, akajiangalia na kusema "mbona sioni tofauti?", anamuuliza shahidi yuleyule asiyeaminika. Kutoona tofauti ndiyo mafanikio yenyewe. Je, tuna ushahidi kwamba kushusha shinikizo kunasaidia kweli? Upo. Huko Sweden watu 255 waliogunduliwa mapema waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakatibiwa na wengine wakafuatiliwa tu. Matokeo ya mwaka 2002, baada ya ufuatiliaji wa takriban miaka sita, yalionyesha ugonjwa ukiongezeka kwa asilimia 62 ya wasiotibiwa na asilimia 45 ya waliotibiwa, na ilikadiriwa kwamba kila milimita moja ya shinikizo iliyoshushwa ilipunguza hatari kwa asilimia 10 hivi. Tuseme ukweli pia kwamba tiba si kinga kamili: asilimia 45 si ndogo. Lakini katika wilaya moja ya jimbo la Minnesota, Marekani, uwezekano wa kupofuka walau jicho moja ndani ya miaka 20 ulishuka kutoka karibu asilimia 26 kwa waliogunduliwa kati ya 1965 na 1980 hadi asilimia 13 na nusu kwa waliogunduliwa kati ya 1981 na 2000. Kitu kiliboreka kati ya makundi hayo mawili, na sehemu kubwa ya kitu hicho ni kugundua mapema na kutibu vizuri zaidi.

Dawa za matone ndizo wengi huanza nazo. Timololi hupunguza utengenezaji wa maji. Ni ya bei nafuu na inapatikana kwa wingi, lakini ni hatari kwa mwenye pumu au moyo unaopiga polepole, kwa hiyo mwambie daktari kabla hajaandika. Latanoprosti na dawa za kundi lake hufungua njia ya maji kutoka, hutiwa mara moja kila usiku, na maudhi yake ni macho kuwa mekundu kidogo, kope kurefuka na wakati mwingine rangi ya jicho kukolea. Chupa zake nyingi huhitaji jokofu kabla ya kufunguliwa, basi uliza duka limeihifadhi vipi. Namna ya kutia ina uzito sawa na dawa yenyewe. Nawa mikono, vuta kope ya chini, tia tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho, kisha fumba macho na ubonyeze kwa kidole pembe ya jicho upande wa pua kwa dakika moja au mbili. Kwa kufanya hivyo dawa hubaki jichoni badala ya kuteremka kooni na kuingia kwenye damu. Kama una dawa mbili, ziachane kwa dakika tano, la sivyo ya pili itaisafisha ya kwanza. Mkono ukitetemeka, mtu wa nyumbani akutilie. Na mwezi wa Ramadhani usiwe sababu ya kuacha: wanazuoni wengi wa zama zetu wanaona matone ya jicho hayabatilishi saumu, na mwenye shaka anaweza kumwomba daktari ampangie dawa inayotiwa usiku baada ya kufuturu.

Ugumu wa matone hauko kwenye sayansi yake, uko kwenye maisha. Unatakiwa kununua kila mwezi, hadi mwisho wa uhai wako, dawa ya ugonjwa usiouona, ambayo haikupi nafuu yoyote unayoihisi na pengine inakuwasha. Ada za shule zikifika, chupa hiyo ndiyo ya kwanza kuahirishwa, na hakuna maumivu yatakayokukumbusha. Kumlaumu mgonjwa hakusaidii. Ni afadhali kuuliza kama kuna tiba isiyodai nidhamu ya kila siku. Ipo: leza inayopigwa kwenye chujio la pembe iliyo wazi ili lipitishe maji vizuri zaidi. Huchukua dakika chache, bila kulazwa. Uingereza ilijaribu kuanza nayo kwa wagonjwa wapya, na matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba takriban robo tatu yao walikaa miaka mitatu bila kuhitaji matone. Tangu 2022 mwongozo wa huko unashauri tiba ianze na leza. Lakini jaribio linalotuhusu zaidi lilifanyika Moshi, katika hospitali ya KCMC, likatangazwa mwaka 2021. Wagonjwa 201 waligawanywa kati ya leza na timololi. Baada ya mwaka mmoja tiba ilikuwa imefanikiwa katika asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza na asilimia 31 ya yale ya timololi.

Soma namba hizo kwa makini kabla ya kuzishangilia. Theluthi moja ya macho yaliyofanikiwa kwa leza yalihitaji kupigwa mara ya pili, na macho takriban manne kati ya kumi hayakufanikiwa hata hivyo. Nguvu ya leza hupungua kadiri miaka inavyopita, na mashine zake ziko katika vituo vichache. Anayedhani amepigwa leza basi amepona, akaacha kurudi kliniki, amehamisha tu kosa lilelile kutoka kwenye chupa hadi kwenye mashine. Hata hivyo hoja inabaki: kama kituo chenye leza kinafikika kwako na pembe ya jicho lako iko wazi, uliza kuhusu leza siku ya kwanza, usingoje mpaka matone yashindwe.

Upasuaji huogopwa kuliko vyote, na mara nyingi huchelewa kwa sababu hiyo. Ule wa kawaida, uliobuniwa Uingereza katika miaka ya 1960 na bado ukitumika, hufungua mlango mdogo katika ukuta mweupe wa jicho ili maji yatoke yanyonywe na mwili. Una hatari zake: maambukizo, shinikizo kushuka kupita kiasi, kovu kuziba mlango, na mtoto wa jicho kuja mapema. Tena unadai kurudi kukaguliwa mara nyingi katika wiki za mwanzo. Lakini kwa mtu aliyefika na ugonjwa uliokwisha kwenda mbali, kama wanavyofika wengi wetu, matone huenda yasitoshe. Jaribio la Uingereza la mwaka 2021, lenye wagonjwa 453 wa aina hiyo, lilionyesha kwamba baada ya miaka miwili waliopasuliwa mwanzoni walikuwa na shinikizo la wastani wa milimita 12, na walioanza na dawa 15, huku ubora wa maisha yao ukilingana. "Fulani alipasuliwa akapofuka" ni maneno utakayoyasikia. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi zaidi Fulani alipasuliwa akiwa amebakiwa na uzi mmoja, akitarajia nuru irudi kama ilivyorudi kwa jirani aliyetolewa mtoto wa jicho. Ugonjwa ukamaliza kazi, upasuaji ukabeba lawama. Kabla ya kusaini, muulize daktari swali moja: tunatarajia kulinda nini?

Kuna wanaosema dawa za mitishamba zimewasaidia, na wengine hutaja bangi. Bangi hushusha shinikizo kweli, lakini kwa saa tatu au nne tu. Ili kulinda mshipa ungehitaji kuivuta mchana na usiku, na ungeharibikiwa na mengine kabla ya jicho kunufaika. Ama majani yanayokamuliwa jichoni, hatari yake ni kidonda kwenye kioo cha mbele, yaani upofu wa njia nyingine. Na yule anayesema "nilitumia nikaona vizuri" anaturudisha palepale: ugonjwa huu humwacha mtu aone vizuri kwa miaka, atumie kitu au asitumie. Ushuhuda wa macho hauthibitishi dawa ya hospitali, na hauthibitishi ya mganga pia.

Pale ambapo jicho husema

Zipo hali chache ambazo glakoma hupiga kelele, na hapo usichelewe hata usiku mmoja. Pembe ya jicho ikifunga ghafla, jicho huuma vibaya na kuwa jekundu, kichwa hugonga, mtu hutapika na kuona duara za rangi kuzunguka taa. Wengine hutibiwa malaria au tumbo huku jicho likifa. Ukiona maumivu na wekundu pamoja na ukungu wa ghafla, nenda hospitali yenye huduma ya macho saa hiyohiyo. Na mtoto mchanga mwenye macho makubwa isivyo kawaida, yenye weupe kama ukungu, yanayotoka machozi na kukimbia mwanga, asisifiwe kwa macho mazuri wala kupewa matone ya dukani. Hiyo yaweza kuwa glakoma ya kuzaliwa, na tiba yake kwa kawaida ni upasuaji wa haraka.

Kwa wengine wote jicho litaendelea kunyamaza, kwa hiyo jitafutie shahidi mwingine. Nunua daftari dogo. Kila uendapo kliniki andika tarehe, shinikizo la kila jicho, ukubwa wa kikombe, dawa unazotumia na siku ulizozikosa, na uhifadhi humo karatasi za kipimo cha upeo wa kuona. Muulize daktari shinikizo analolenga kwa macho yako, uliandike ukurasa wa kwanza. Ukihamia mji mwingine au faili likapotea, daftari litakusemea. Na ukishawishika kuacha dawa kwa sababu unaona vizuri, fungua ukurasa wa mwisho usome badala ya kujiangalia kwenye kioo. Kisha andika majina ya ndugu zako wa tumbo moja na watoto wako waliokua, na uweke alama mbele ya kila aliyekwenda kupimwa. Nao wanaona vizuri, kama ulivyokuwa ukiona wewe.